Kibali Hakirithiwi

Wamekuja Jumanne, Eckart, saa tatu kasorobo:
mwanamke wa ofisi ya manispaa
na kijana mwenye glavu ndefu
aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa.
Nikammiminia kahawa. Hakuinywa.
Alikuwa anautazama mlango wa chumba cha nyuma
kama mtu aliyeacha kitu jikoni kinachemka.

Kibali, akasema yule mwanamke, kilikuwa cha marehemu.
Sheria ilipobadilika, waliokuwa wanafuga waliachiwa wamalizie,
mpaka mmoja afe: mnyama, au mtu.
Hakirithiwi.
Nyumba inarithiwa. Deni la gari linarithiwa.
Hata pumu ya mama yako, Wiebke ameirithi.
Lakini chatu wa mita tano na robo
hana mrithi katika jimbo hili.

Akafungua fomu.
Spishi. Jinsia. Namba ya chipu iliyo chini ya ngozi.
Je, chumba kina kufuli mbili?
Zipo mbili, nikamjibu, na ya pili niliinunua mimi,
mwaka ule ulipomleta ndani ya foronya,
mwembamba kama mkanda wa suruali,
ukaniapia hatapita urefu wa kochi.
Ulikuwa fundi wa matairi, Eckart.
Vipimo ulivijua.

Fomu haikuwa na nafasi ya jina.
Nikalitaja hivyo hivyo: Knut.
Kalamu yake ikasita, kisha ikaendelea.

Husemwa aliyeumwa na nyoka
akiona ung'ongo hushtuka.
Mimi sikuumwa hata siku moja,
na miaka kumi na tisa nimeshtushwa
na bomba la kufyonzea vumbi, na skafu yako kitini,
na mpira wa bustani wa Bibi Oppelt ng'ambo ya ua.
Yule nyoka wa mji mwingine alipotoroka,
wakabomoa sakafu za watu majuma matatu,
Bibi Oppelt alizunguka ngazi zote akikusanya saini.
Hukujua: yangu ni ya nne kutoka juu.
Na sheria ilipotangazwa redioni
niliipigia makofi, jikoni,
polepole, usisikie.

Ndipo ukafa, Januari, na theluji ile,
ukaniachia karatasi yenye mwandiko wako wa kiwandani:
taa nyuzi thelathini na mbili, maji kila siku ya pili,
sungura atoke kwenye friza jioni, chini ya mbaazi,
apashwe joto kwenye karai hadi afanane na mtu aliye hai.
Nikafanya. Nani mwingine angefanya?
Nikajikuta nimekaa mbele ya kioo chake na soksi zako miguuni,
kwa kuwa ndicho chumba pekee chenye joto
katika nyumba ya watu wawili iliyobaki na mmoja.

Nilimuuliza kijana kama anajua kwamba umekwenda.
Hapana, mama, akasema kwa upole,
hawana huzuni hawa. Wanajua joto. Wanajua mtetemo wa hatua.
Nikanyamaza.
Nami, tangu Januari, nimejua kipi zaidi?

Watampeleka kituo cha kusini,
ambacho, aliungama, kimejaa tangu mwaka juzi:
kasa, kenge, mamba wa kwenye mabafu,
wote waliokuwa wadogo siku ya kununuliwa.
Sikubishana. Ni sheria nzuri.
Nimeitia saini mara mbili sasa.

Kumtoa kulihitaji mtu wa tatu.
Mwanamke wa manispaa alirudi nyuma hadi ukutani
na fomu zake kifuani.
Basi nikakunja mikono ya sweta
nikashika mkia.

Mkavu, Eckart.
Miaka yote nilidhani ni mtelezi, kama sabuni.
Mkavu, na ana uvuguvugu,
mzito kama mtoto aliyelala garini,
na chini ya viganja vyangu kitu kirefu
kikapita, taratibu,
kikaisha.

Walipoondoka nikazima taa yake.
Mita ya umeme ukumbini ikapunguza mwendo.
Kahawa ya kijana nikainywa mimi, imepoa.

Usiku nikafunga kufuli zote mbili.